Giovanni Battista Grassi

Giovanni Battista Grassi (Rovellasca, 27 Machi 1854 – Roma, 4 Mei 1925) alikuwa daktari na mtaalamu wa zoolojia kutoka nchi ya Italia. Anajulikana hasa kwa utafiti wake kuhusu malaria, lakini pia alisaidia kueleza jinsi mbwa wanavyoambukizwa minyoo.

Maisha

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Pavia na kuhitimu mwaka 1878. Tangu mwaka 1883 alikuwa profesa mjini Catania, na tangu 1895 mjini Roma.

Mwaka 1879 alimeza kwa makusudi mayai ya mchango, mnyoo wa utumbo wa binadamu. Baada ya wiki kadhaa alikuta mayai mapya katika choo chake. Hivyo alionyesha kwamba mnyoo huyo hahitaji mdudu wa kumbeba.

Minyoo ya mbwa

Minyoo wengine huhitaji mbebaji. Pamoja na Giulio Rovelli, Grassi alionyesha kwamba tegu wa mbwa hukua kwanza ndani ya kiroboto. Mbwa anayejikuna kwa meno humeza kiroboto huyo, na tegu hukomaa utumboni.

Mnyoo wa moyo alikuwa fumbo zaidi, kwa sababu hukaa moyoni na katika mishipa ya mapafu, ambako chakula hakifiki. Wakati huo wengi walidhani kwamba minyoo wa damu huingia mwilini kwa maji ya kunywa yenye mbu waliokufa. Mwaka 1900 Grassi na Giovanni Noè walionyesha kwamba mbu hufyonza minyoo wachanga pamoja na damu ya mbwa mgonjwa. Minyoo hao hukua ndani ya mbu, hufika mdomoni mwake, na humwingia mbwa mwingine anapoumwa. Huchukua takriban miezi 6 kukomaa. Ndiyo sababu leo mbwa hupewa dawa ya kuwaua kabla hawajafika moyoni.

Malaria

Mwaka 1898, pamoja na Amico Bignami na Giuseppe Bastianelli, alithibitisha kwamba malaria ya binadamu huenezwa na mbu jike aina ya anofelesi. Hata hivyo, Tuzo ya Nobel ya mwaka 1902 ilitolewa kwa Mwingereza Ronald Ross peke yake, na ugomvi wao kuhusu nani alitangulia haukuisha.

Katika miaka yake ya mwisho Grassi aliwahudumia wagonjwa wa malaria huko Fiumicino, karibu na Roma. Alizikwa hukohuko.