Usama bin Munqidh na Farasi Aliyemfikisha Salama

Sifa njema zote zinamstahiki Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Suratul Aadiyaat sote twaijua. Ni sura ya 100, ina aya 11 tu, na wengi wetu tuliihifadhi madrasa tukiwa bado wadogo. Hebu tuiangalie kidogo. Mwanzo wake Allah (s.w.t.) anaapa kwa farasi wa vita wanaokimbia huku wakihema, kwato zao zikitoa cheche. Kisha mara moja maneno yanageukia kwa mwanadamu, kwamba yeye hana shukrani kwa Mola wake. Utajiuliza, farasi na kukosa shukrani vinahusiana vipi? Baadhi ya wanazuoni wa tafsiri wameeleza hivi: farasi hupewa majani na maji tu na bwana wake, na kwa hayo machache hujitosa mbele ya mikuki. Mwanadamu amepewa kila kitu, na akiamrishwa jambo dogo anavuta miguu.

Leo nataka nikusimulie maisha ya Muislamu mmoja aliyeliona jambo hili kwa macho yake, na hakulisahau mpaka uzee wake. Naye ni Usama bin Munqidh.

Usama alizaliwa mwaka 1095 katika ngome ya Shayzar, juu ya mto Asi, karibu na mji wa Hama huko Sham. Mwaka huo huo ndio Papa alipowaita watu wa Ulaya waje kupigana vita vya Msalaba. Alipokuwa na miaka minne, Baitul Maqdis ilitekwa. Kwa hiyo alikulia vitani. Upande mmoja walikuwa Mafaranji, kama Waarabu walivyowaita watu wa Msalaba, na upande mwingine, kwa masikitiko, walikuwa watawala Waislamu wenzao wakigombania miji.

Baba yake, Murshid, alikuwa na haki ya kuitawala Shayzar lakini akamwachia mdogo wake. Yeye alijishughulisha na mambo matatu: kufunga, kuwinda, na kunakili Qur'ani kwa mkono wake. Alipofariki aliacha misahafu zaidi ya 40 aliyoiandika mwenyewe! Huyo ndiye aliyemfundisha Usama Qur'ani, na pia kumpanda farasi na kumtunza.

Sasa, ndugu yangu, usidhani farasi kwa watu wale alikuwa kama gari la kupanda na kushuka. Farasi alijulikana kwa jina, kwa mama yake, na kwa tabia yake. Usama alisema kuwa farasi ni kama watu, wako wenye subira na wako walegevu. Katika kitabu chake, Kitabul I'tibar, yaani kitabu cha mazingatio, aliwataja farasi wenye subira mmoja mmoja, kama vile wewe unavyowataja mashujaa.

Katika jeshi lao alikuwepo Mkurdi mmoja, Kamil al-Mashtub, mtu shujaa na mwenye dini. Alikuwa na farasi mweusi, mkubwa ajabu. Siku moja Mfaranji alimchoma farasi yule mkuki shingoni, ukapenya shingo ukatokea upande wa pili, ukamwingia Kamil pajani. Farasi hakutetereka, na bwana wake pia hakutetereka. Wakatibiwa, wakapona wote wawili, wakarudi vitani pamoja. Mara ya pili farasi akapigwa mkuki wa kipaji cha uso, mfupa ukabonyea ndani. Safari hii pia alisimama imara, na akapona. Usama anaeleza kuwa kovu lile lilikuwa na shimo la kutosha mtu kuingiza ngumi.

Farasi huyo alipozeeka, kaka yake Usama alimnunua, kisha akamtoa kwa Mfaranji wa mji wa Kafartab kuwa sehemu ya kodi ya kijiji. Farasi akakaa kwa Mfaranji mwaka mzima, halafu akafa. Basi yule bwana akatuma watu kudai pesa zake, ati lazima alinyweshwa kitu cha kumuua baada ya mwaka! Usama na jamaa zake wakabaki kustaajabu.

Lakini kisa kilichonigusa zaidi ni cha Usama mwenyewe. Alikuwa vitani Homs, juu ya farasi wake. Mkuki ukamwingia farasi mpaka moyoni, na mishale kadhaa ikamchoma mwilini. Usama juu hana habari. Farasi alimtoa katikati ya vita akienda kama kawaida yake, damu ikimwagika puani kama maji ya ndoo, wala Usama hakuhisi mabadiliko yoyote katika mwendo wake. Alipomfikisha kwa wenzake, farasi akaanguka akafa. Subhanallah!

Na haikuwa mara moja. Katika vita vingine nchi ya Shayzar, farasi wake mwingine alijeruhiwa mara tatu chini yake, naye akaendelea kupigana bila kujua, kwa sababu farasi hakuonyesha chochote.

Baada ya hapo dunia ilimgeuka Usama. Mwaka 1138 ami yake alimtoa Shayzar, na kuanzia hapo akawa mtu wa kuhama: Damascus, Misri, kisha Damascus tena. Mwaka 1154 meli iliyobeba watu wake kutoka Misri iliporwa na Mafaranji karibu na Akka. Watoto walifika salama, lakini vitabu vyake 4,000 vilipotea, na uchungu huo hakuusahau. Mwaka 1157 tetemeko la ardhi liliiangusha Shayzar na kuua karibu ukoo wake wote. Salahuddin alipomwita Damascus mwaka 1174, alikuwa mzee wa karibu miaka 80.

Akifika miaka 90 hivi, mkono uliokuwa ukishika mkuki ukawa unatetemeka ukishika kalamu. Ngome imekwisha, ndugu wamekwisha, vitabu vimekwisha. Na mzee huyu, katika yale aliyotaka yasipotee, akaweka farasi wa Homs. Miaka mingi ilikuwa imepita, na bado alikuwa akimkumbuka mnyama aliyembeba. Hiyo ndiyo shukrani.

Usama alifariki mwezi huu huu wa Ramadhan, tarehe 23, mwaka 584 Hijria, sawa na Novemba 1188, mwaka mmoja baada ya Salahuddin kuikomboa Baitul Maqdis. Alizikwa mlima Qasiyun, Damascus.

Ewe kijana mwenzangu, mpanda farasi hakujua kuwa anayembeba anakufa. Je, wewe unajua hali ya wanaokubeba? Mama anaamka kupika daku kabla yako, na jioni anasimama jikoni mpaka adhana, naye amefunga kama wewe. Mguu unamuuma, hasemi. Baba anakulipia karo, na ukimuuliza vipi kazi, jibu ni alhamdulillah. Mwendo wao haubadiliki, kwa hivyo wewe huhisi kitu. Hata yule punda wa mkokoteni anayetuletea maji mtaani, nani amewahi kumtazama mgongo ana kidonda au hana?

Ramadhan ni mwezi wa subira, na sisi tunahesabu subira yetu ya njaa tu. Kabla haijaisha, shuka chini umwangalie anayekubeba. Muulize, msaidie, muombee, maadamu bado yuko hai.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) atujaalie kuwa waja wenye kushukuru, na azikubali saumu zetu. Wabillahi tawfiq.