Jaap Eden: Mfalme wa barafu na baiskeli

Kubeba ubingwa wa dunia katika mchezo mmoja tu ni kazi. Mholanzi Jaap Eden aliubeba katika miwili.

Jamaa alizaliwa Groningen mwaka 1873. Kipindi cha baridi alivaa viatu vya kuteleza kwenye barafu, akatwaa taji la dunia 1893, 1895 na 1896. Barafu ikiyeyuka, anapanda baiskeli: bingwa wa dunia 1894, akarudia 1895. Miguu ni ile ile.

Rekodi yake ya mita 5,000 kwenye barafu, dakika 8 na sekunde 37.6, ilidumu miaka 17. Pesa ndiyo haikudumu. Alifariki Haarlem mwaka 1925, miaka 51, akiwa fukara.

Leo wanamichezo bora Uholanzi wanagombea tuzo yenye jina lake.