Joseph Rutherford: Mrithi wa Ahadi Isiyotimia

Wahenga walinena kuwa ahadi ni deni. Je, nabii akifariki kabla ya ahadi yake kutimia, deni hilo humwangukia nani? Swali hili liliyatawala maisha ya Joseph Franklin Rutherford.

Rutherford alizaliwa tarehe 8 Novemba 1869 katika jimbo la Missouri, Marekani, katika familia ya wakulima. Alisomea sheria na kuidhinishwa kuwa wakili mwaka wa 1892. Mnamo 1906 alibatizwa na kujiunga na Wanafunzi wa Biblia, kundi lililoasisiwa na Charles Taze Russell. Punde si punde akawa mshauri wa kisheria wa shirika lao la uchapishaji, Watch Tower.

Russell alikuwa amefundisha kwamba mwaka wa 1914 ungekuwa kikomo cha utawala wa mataifa, na wafuasi wengi walitarajia kutwaliwa mbinguni. Vita Vikuu vya Kwanza vilizuka kweli, lakini waumini walibaki papa hapa duniani. Kabla ya fumbo hilo kufumbuliwa, Russell aliaga dunia tarehe 31 Oktoba 1916, akiwa safarini kwa gari moshi huko Texas. Wosia wake haukumtaja mrithi mmoja, bali uliikabidhi kamati ya watu watano uhariri wa jarida. Rutherford hakuwa miongoni mwa watano hao. Jina lake lilikuwa katika orodha ya akiba.

Hata hivyo, Januari 1917 alichaguliwa kuwa rais wa shirika. Wakurugenzi wanne kati ya saba walimpinga, wakilalamika kwamba alijilimbikizia madaraka ambayo marehemu alikusudia yagawanywe. Rutherford hakuwajibu kwa maono, bali kwa sheria: wanne hao waliteuliwa na Russell bila kupigiwa kura kila mwaka, hivyo nafasi zao zilikuwa wazi. Mwezi wa Julai akawateua wengine mahali pao. Kundi likagawanyika. Aidha, mwaka wa 1918 alihukumiwa kifungo kwa madai ya kuhujumu juhudi za vita, akaachiliwa 1919 na mashtaka yakafutwa baadaye.

Alipokuwa huru, Rutherford naye aliweka ahadi yake: mwaka wa 1925 Ibrahimu, Isaka na Yakobo wangefufuliwa. Hawakuja. Waliohudhuria ukumbusho wa kifo cha Kristo mwaka huo walizidi 90,000. Idadi iliyochapishwa ya 1928 haikufika 18,000. Licha ya hayo, mwaka wa 1929 nyumba ilijengwa San Diego kuwasubiri wazee hao wa kale, na Rutherford mwenyewe akaishi humo.

Mwaka wa 1931 aliwapa wafuasi wake jina la Mashahidi wa Yehova na kamati ya uhariri ikavunjwa. Mwaka uliofuata, uchaguzi wa wazee makanisani ukakomeshwa. Hivyo basi, aliyepanda ngazi kwa kura aliwaondolea wengine kura.

Rutherford alifariki katika nyumba hiyo tarehe 8 Januari 1942, wageni waliongojewa wakiwa hawajafika. Nathan Knorr alichukua uongozi siku chache baadaye, bila mgogoro kama ule wa 1917. Alhasili, Rutherford aliwaachia warithi wake shirika imara kuliko alilolikuta. Deni la unabii, hata hivyo, lilibaki pale pale.