William Froude, Mpimaji wa Nguvu za Injini

Wahenga walisema ya kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Askari dereva apitaye na gari la kikosi katika njia za Iyolwa, huko Tororo karibu na mpaka wa Kenya, aujua vema ukweli wa msemo huo. Injini yaweza kunguruma kama simba, kisha ikashindwa mlima au tope huku wenzake wakingojea msaada. Nguvu za injini hazijulikani kwa masikio, bali kwa kipimo. Miongoni mwa watu waliotufundisha kupima ni Mwingereza William Froude.

Froude alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Dartington, jimbo la Devon. Alisoma hesabu katika Chuo Kikuu cha Oxford, akafaulu kwa daraja la kwanza. Baadaye alifanya kazi ya ujenzi wa reli chini ya mhandisi mashuhuri Isambard Kingdom Brunel, kisha akazama katika elimu ya meli: jinsi zinavyoyumba na jinsi maji yanavyozizuia.

Froude alishikilia ya kuwa meli ndogo ya mfano, ikivutwa majini kwa kanuni sahihi, yaweza kutabiri mwendo wa meli kubwa. Wataalamu wengine, akiwamo John Scott Russell, walilipinga wazo hilo. Hata hivyo, mwaka 1870 serikali ilikubali kutoa pauni 2,000, na birika refu la majaribio likajengwa karibu na nyumba yake mjini Torquay. Mwaka 1871 manowari Greyhound ilivutwa baharini na manowari nyingine, Active, ili kupima jinsi maji yalivyoizuia. Matokeo yakaafikiana na yale ya mfano mdogo.

Lakini majaribio hayo yalifichua jambo la kutisha. Wakati huo nguvu za injini ya mvuke zilihesabiwa kwa kanieneo ya mvuke ndani ya silinda. Froude alipolinganisha nguvu hizo na zile zilizohitajika kuisukuma meli, aliona kwamba chini ya nusu tu ndizo zilizofanya kazi. Zilizobaki zilipotelea wapi? Ndipo mwaka 1877 alipowaeleza wahandisi wenzake chombo cha kupimia nguvu kwenye shafti yenyewe, yaani dainamomita ya maji.

Ndani ya kasha lililojaa maji mna gurudumu lenye vikombe. Injini hulizungusha gurudumu. Gurudumu huyasukuma maji. Nayo maji hutaka kulizungusha kasha. Kasha huzuiliwa na mkono wa chuma wenye uzito. Uzito ukizidishwa kwa urefu wa mkono, hupatikana nguvu ya kuzungusha.

Kwa hiyo, ndugu askari, ukipewa karatasi ya majaribio ya gari lako, usiangalie tarakimu moja kubwa ukaridhika. Tazama mistari miwili: nguvu ya kuzungusha na nguvu-farasi. Tuseme injini inatoa newtonmita 200 kwa mizunguko 2,000 kwa dakika. Hizo ni kilowati 42 hivi, yaani nguvu-farasi 56. Kwa mizunguko 4,000 inatoa newtonmita 150 tu. Lakini kwa kuwa inazunguka upesi zaidi, nguvu-farasi zimefika 84. Injini inayotoa nguvu kubwa ya kuzungusha kwa mizunguko michache hulivuta gari lenye mzigo bila kulazimika kukimbizwa. Ile yenye nguvu-farasi nyingi juu hulipa mbio barabarani.

Uliza pia kipimo kimechukuliwa wapi. Gari likipimwa kwenye magurudumu husoma pungufu kuliko injini ikipimwa peke yake, kwa sababu gia na matairi hula sehemu ya nguvu, kama ilivyokuwa katika meli za Froude. Vilevile hewa ya Tororo, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na taabo hupoteza kiasi cha asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Hivyo fundi asilaumiwe kwa upungufu wa asilimia kumi ambao umeletwa na hewa. Wala upungufu mkubwa zaidi usisingiziwe hewa, ilhali silinda zimechakaa.

Froude alifariki tarehe 4 Mei 1879 huko Simonstown, Afrika Kusini, akiwa mgeni wa Jeshi la Majini la Uingereza. Hakuwa mwanajeshi, lakini alizikwa kwa heshima kamili za kijeshi. Mwanawe, Robert Edmund, aliiendeleza kazi yake.

Jeshi lilimheshimu kwa haki. Kamanda anayejua nguvu halisi za magari yake hawatumi watu wake mahali ambapo magari hayo hayawezi kuwarudisha.