Amiri Abdulqadir na Malezi ya Mwana Farasi

Amiri Abdulqadir bin Muhyiddin Al-Hasani alizaliwa mwaka 1223 (1808) karibu na mji wa Maaskar katika nchi ya Aljeria, nyumbani mwa masharifu na mashekhe wa tarika ya Qadiriyya. Alihifadhi Kur'ani angali kijana, akasoma fiqhi ya Imamu Malik kama ilivyo ada ya watu wa Maghribi, kisha akafuatana na baba yake kwenda Hijja. Ama elimu yake ya pili ilikuwa juu ya mgongo wa farasi. Wala kwao hilo halikuwa mchezo, kwani Mola ameapa kwa farasi wa vita katika Suratul-Adiyat.

Mwaka 1830 Wafaransa waliuteka mji wa Aljeri. Mwaka 1832 makabila ya magharibi yalimpa Abdulqadir baia, naye hajatimiza miaka 25, akapigana miaka 15. Hata ilipofika Disemba 1847, amezungukwa pande zote, alijisalimisha kwa ahadi ya kupelekwa Iskandaria au Akka, akamkabidhi mwana wa mfalme wa Ufaransa farasi wake wa mwisho. Ahadi ile haikutimizwa. Alifungwa Toulon, kisha Pau, kisha Amboise, karibu miaka 5.

Humo kifungoni alipata barua za Daumas, askari mkubwa wa Kifaransa aliyekuwa balozi mdogo huko Maaskar zamani za suluhu, akimwuliza habari za farasi wa jangwani. Mtu aliyekwisha kutoa farasi wake wa mwisho akakaa kumfundisha adui yake namna ya kulea farasi. Na maelezo yake yakaingia katika kitabu cha Daumas kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1851.

Katika kitabu hicho imeelezwa kuwa mwana farasi hukua karibu na hema, akishikwashikwa na wanawake na watoto, hata asimwogope mwanadamu wala kelele za watu. Apatapo kiasi cha mwaka na nusu, mtoto mdogo humpanda akampeleka majini na malishoni. Mtoto hamwelemei, na mnyama hujifunza kutii pasipo kujua kuwa anafunzwa. Akiwa na miaka 2 au kupita kidogo ndipo atiwapo lijamu, wala haletewi seruji kabla hajaizoea lijamu. Na chuma kile huzungushiwa kwanza sufu isiyooshwa, kisimuumize kinywa, na ladha yake ya chumvi humfanya aikubali.

Hata hapo mtu mzima hampandi bado. Huongozwa kwa mkono, polepole, hata sokoni penye zogo, na mgongoni amewekewa shogi mbili zilizotiwa mchanga, apate kutoka katika uzito wa mtoto kufikia uzito wa mwanamume bila kushtuka. (Wenye punda wa pwani wazijua shogi, ni wachache watumiao subira hii.) Apandwapo mwisho, mpandaji hana miiba ya viatuni, ana kijiti tu, nacho hakitumii ila kwa nadra, huenda naye kwa jamaa na kwa mifugo, asimtake neno ila utulivu, na husema naye kwa sauti ya chini bila ghadhabu. Ufundi wote umo hapa: kila jipya huletwa baada ya la kwanza kuzoeleka, na atangulizaye seruji huharibu kazi ya miaka miwili kwa siku moja.

Mwaka 1852 Amiri alifunguliwa, akakaa Bursa, kisha Damasko. Mwaka 1860, fitina ilipowaka mjini humo, yeye na watu wake wa Maghribi waliwaokoa maelfu ya Wakristo, wakiwahifadhi majumbani mwao. Alifariki Rajab 1300 (Mei 1883), akazikwa karibu na kaburi la Sheikh Muhyiddin Ibn Arabi. Mwaka 1966 mabaki yake yalirudishwa Aljeria.