Ibn al-Jazzar, Tabibu wa Watoto Wachanga

Tukitaja matabibu wa Kiislamu huwa tunakimbilia kwa Ibn Sina na ar-Razi, tukamsahau wa Afrika hii yetu: Abu Ja'far Ahmad Ibn al-Jazzar wa Qayrawan, Tunisia, katika karne ya 4 Hijria. Baba yake na ami yake walikuwa matabibu, naye akasoma pia kwa Ishaq ibn Sulayman.

Aliona kuwa maneno ya waliotangulia kuhusu maradhi ya watoto yametawanyika vitabuni. Akayakusanya katika Siyasat as-Sibyan wa Tadbiruhum, milango 22: namna ya kumpokea mtoto anapozaliwa, kumwosha, kumlaza na kumnyonyesha, kisha kuota meno, kikohozi, kifafa, kuharisha, minyoo. Dawa zake hatumshauri mzazi yeyote azijaribu leo, hospitali zipo. Lakini mtoto mchanga alipata kitabu chake mwenyewe cha kusomeshea matabibu.

Nyumbani kwake yeye alimwangalia mgonjwa. Dawa na malipo vilikuwa kwa mtumishi wake Rashiq, mlangoni, ili yeye asipokee kitu mkononi mwa mtu. Mtoto wa Kadhi an-Nu'man, mkubwa wa dola, alipougua, binamu yake ndiye aliyeleta mkojo wake kila siku uangaliwe. Alikuta ukumbi umejaa watu, na hakupishwa kiti, alijibiwa wima. Mgonjwa akapona. Kadhi akatuma barua ya shukrani, nguo na mithqali 300. Ibn al-Jazzar aliijibu barua. Nguo na dhahabu akazirudisha.