Grace Hopper: Mathe Aliyefunza Kompyuta Kuelewa Maneno

Ushawahi ambiwa hutoshi? Tulia nikupigie stori ya Grace Hopper.

Alizaliwa New York, 1906. Akiwa na miaka 7 tu alikuwa anafungua saa za kengele za kwao moja baada ya nyingine, ajue zinafanyaje kazi. Akasoma hesabu hadi PhD pale Yale, 1934.

Vita vya Pili vilipochacha, alitaka kuingia jeshi la wanamaji la Marekani. Wakamshow amezeeka, tena ni mwembamba sana. Hakubanduka. Desemba 1943 akaingia, akatumwa Harvard kwa Mark I, kompyuta ya zaidi ya mita 15. Hata basi haifiki hapo!

Enzi hizo mashine ilielewa namba tu. 1952, Grace akaunda programu ya kugeuza maagizo yawe lugha ya mashine. Wasee wakabisha ati haiwezekani. Kazi yake ndiyo ilizaa COBOL, na mpaka leo kuna benki zinaitumia.

1966 jeshi likamstaafisha. Mwaka uliofuata likamwita arudi! Alitoka 1986, miaka 79, akiwa admirali. Alifariki 1992.

Sasa wewe na miaka yako 24, nani amekushow umechelewa?